Safari Thelathini za Mama

Mtaani kwetu mama yangu anaitwa Kiguu na Njia, na hajawahi kulikasirikia jina hilo. Jirani yetu mshona viatu alipomtania nalo mbele ya watu, alimjibu kwamba mguu ni wake na njia ni ya serikali, sasa yeye kinachomwasha ni kipi. Mwaka aliotimiza sabini na moja, sanduku lake la kijivu lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake likiwa na nusu ya nguo ndani, kwa sababu alishaona kulifungua lote ni kazi bure. Akirudi Jumanne, Alhamisi unamsikia anauliza bei za tiketi. Ukimwambia apumzike, anakwambia amepumzika njiani.

Mimi ni mtoto wake wa tatu kati ya wanne. Wenzangu wako nchi tatu tofauti. Kaka, mzaliwa wa kwanza, ni mhandisi wa madaraja na anaongea na watu kama anakagua zege. Dada anamfuata, anafundisha hesabu chuoni na ana mtoto mchanga. Kitindamimba ana duka la simu, na maneno yake ni mengi kuliko simu alizonazo. Mimi nilibaki nyumbani na mama. Nina duka la steshenari nje tu ya geti letu: nachapa barua za watu, natoa kopi, nafunika vyeti kwa plastiki. Wenzangu wananiita Katibu. Karatasi yoyote ya familia ikitakiwa, Katibu atafute, na cheo hicho sikukigombea wala sijawahi kulipwa posho yake.

Mama alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka thelathini na minne, na mingi aliifanya zamu ya usiku. Baba alikuwa mpima ardhi, mtu mpole, mkoromaji. Alifariki usingizini, kitandani kwake, mama akiwa ubavuni. Waliokuja msibani walisema hicho ni kifo cha mtu mwema, hakuumwa wala hakusumbua mtu. Mama aliwasikiliza, akawashukuru mmoja mmoja. Wiki mbili baadaye akaenda kwa Kaka kuona wajukuu, tukasema ni vizuri, anapunguza majonzi. Miaka mitatu ikapita hajaota mizizi popote. Wiki tatu kwa Kaka, mwezi kwa Dada, siku kumi kwa Kitindamimba, siku nne nyumbani, halafu roho inakuwa juu juu tena, anazunguka jikoni akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

Nilikuwa namwonea hasira, niseme ukweli. Kwa wenzangu alifika kama mgeni wa heshima, akapokelewa uwanjani, akapigwa picha na wajukuu. Kwangu alifika kufua. Siku nne zile nilikuwa nafunga duka mapema ili tule pamoja, naye anakula huku jicho liko kwenye kalenda. Siku moja nilimuuliza kama nyumba inanuka. Akasema mwanangu, acha maneno, nipe chumvi.

Habari ya dhahabu aliileta mwenyewe kutoka uwanja wa ndege. Alikuwa amesimama kwenye foleni ndefu, akamwona bwana mmoja anapitishwa pembeni bila jasho, na mama si mtu wa kuona jambo akanyamaza. Ndani ya ndege alimtafuta yule bwana mpaka akampata, akamhoji. Akaambiwa kwamba kuna mashirika ishirini na kitu ya ndege yaliyofunga muungano. Kila shirika lina kadi yake ya wasafiri, na msafiri anachagua kadi moja. Akipanda ndege yoyote ya muungano, safari inahesabiwa kwenye kadi hiyo. Safari zikiongezeka unapanda daraja, kutoka shaba kwenda fedha, kutoka fedha kwenda dhahabu. Na ukishakuwa dhahabu kwa shirika moja, yote yanakuheshimu: foleni yako ni fupi, unasubiri ukiwa umekaa kwenye sebule yenye makochi, unaingia ndegeni kwanza. Mama aliyaandika yote kwenye daftari kwa mistari iliyonyooka, kama alivyokuwa akiandika joto la wagonjwa.

Ingebaki kuwa burudani ya mama mstaafu, lakini mwezi wa sita alianguka. Alikuwa anarudi kutoka kwa Dada, amesimama kwenye foleni ya kubadilisha ndege saa nzima na robo, miguu imevimba, akapata kizunguzungu akaenda chini. Hakuvunjika kitu. Ila Kaka alipopata habari aliitisha kikao cha simu cha familia nzima, na alikuja na uamuzi uliokwisha kukauka. Mama asisafiri tena. Ahamie kwake, chumba cha chini kipo, kina bafu lake. Nyumba ya hapa ipangishwe. Nikauliza mimi nitakaa wapi. Kaka akasema Katibu ni mtu mzima, atapata chumba.

Mama aliacha kila mtu aseme. Kisha akasema lake, na nililikariri kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa kuliandika.

"Foleni ndiyo imeniangusha, si ndege. Nipeni mpaka kadi yangu itimize mwaka. Nikipata dhahabu sisimami tena, na ninyi mniache na safari zangu. Nikikosa, nitakaa mtakaponiweka."

Kaka alikubali. Halafu akauliza kadi inatimiza mwaka lini, nami nikauliza kadi ipi, na hapo ndipo tulipojijua sisi ni watu wa namna gani.

Kila mtoto alikuwa amemfungulia mama kadi ya shirika la kwake. Kaka alimfungulia ya huko aliko, Dada ya kwake, Kitindamimba ya kwake, kila mmoja kwa upendo na kimyakimya, akidhani mwenzake hajafanya. Anayekata tiketi ndiye aliyejaza namba. Kwa mwaka mzima mama alikuwa amepanda ndege mara thelathini na sita, na safari hizo zilikuwa zimegawanywa kwenye kadi tatu kama mirathi ya mtu aliye hai. Ningeweza kuzijumlisha, ningekuwa nimemaliza kazi asubuhi ile. Lakini kilichoandikwa kwenye kadi moja hakihamishiki kwenda nyingine, hata kama jina ni lile lile, pasipoti ni ile ile na miguu iliyovimba ni ile ile.

Nikakaa dukani, katikati ya mteja wa kopi na mteja wa barua ya kazi, nikachora jedwali. Shirika la Kaka ni kubwa na linahesabu maili. Dhahabu yake ni maili elfu hamsini kwa mwaka, na mama mwenye safari fupi fupi asingezifikisha hata akilala ndegeni. Shirika la Dada linahesabu fedha zilizolipwa kwa tiketi, na sisi tunanunua tiketi za bei ya chini kuliko zote. Huko tungezeeka na shaba. Shirika la Kitindamimba ni dogo, lina ndege za kuhesabika, lakini linahesabu safari. Kuruka na kutua mara moja ni safari moja, na ukibadilisha ndege njiani zinakuwa mbili. Ukifikisha thelathini ndani ya miezi kumi na miwili tangu uandikishwe, umepata dhahabu ile ile ambayo wakubwa wanaitoa kwa maili elfu hamsini. Kuna sharti moja tu, kwamba safari sita kati ya hizo ziwe kwenye ndege zake lenyewe.

Mama alikuwa na safari kumi na mbili huko, mbili tu zikiwa kwenye ndege zake lenyewe. Mwaka wake ulikuwa unaisha tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi na moja. Nikapiga hesabu mara tatu. Aende kwa Kitindamimba mara mbili, kwa Dada mara mbili, kwa Kaka mara mbili, na namba ijazwe ile moja kila tiketi. Ingefika thelathini na mbili.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nachukia safari za mama kuliko mtu yeyote, na sasa nilikuwa nazipanga kama karani wa bandari. Akipata dhahabu ataendelea kuzunguka, lakini katika kuzunguka atakuwa anapita nyumbani, siku nne, siku tano. Akikosa anahamia kwa Kaka, na mimi nabaki na funguo za nyumba ya mpangaji. Basi nikachagua siku nne.

Niliposoma jedwali kwenye kikao cha pili, Kitindamimba alishangilia kama ameshinda uchaguzi. Akasema siku zote alijua mama anampenda yeye zaidi. Kaka akauliza kwa nini kadi ya kwake, ambako mama amekwenda mara nyingi kuliko kwa wote, ambako yeye amekata tiketi miaka mitatu bila kulalamika, iachwe ioze. Nikamweleza maili. Hakuwa anauliza maili. Mama akasema anachagua kadi, hachagui mtoto. Lakini sharti la ndege zao wenyewe lilikuwa pale pale, na ndege hizo zilikwenda mji wa Kitindamimba tu, kwa hiyo hata mimi niliyechora jedwali niliona kwamba kwenye karatasi ile kuna mtoto aliyependelewa. Na kuna mmoja hakuwemo kabisa, kwa sababu kuja kwake hakuhitaji ndege.

Miezi iliyofuata sitaki kuikumbuka. Mwezi wa saba kwa Kitindamimba, wa nane kwa Dada, kisha kwa Kaka, mwezi wa tisa kwa Kitindamimba tena. Kila akitua nilikuwa nafungua kompyuta dukani kuona kama safari imeandikwa, nakuta haijaandikwa, nafunga, nafungua tena baada ya dakika kumi. Wateja walizoea. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anachapisha kitabu chake cha sala alikuwa akifika ananiuliza kwanza, mama ana ngapi sasa, ndipo anatoa karatasi zake. Nikimwambia ishirini, anasema bado mbichi.

Mwezi wa kumi, akiwa ametoka kwa Dada, zilifika ishirini na nane. Ilibaki safari moja ya kwenda kwa Kaka na kurudi, na kwa Kaka lazima ubadilishe ndege, kwa hiyo ni nne. Kaka alikata tiketi mwenyewe kama kawaida. Mama akaenda, akakaa wiki mbili, akarudi tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi na moja akiwa mchangamfu, ana zawadi ya viatu vya kupanuka kwa ajili ya miguu yake. Tukakaa kusubiri namba. Tarehe kumi na tatu hamna kitu, kumi na nne hamna, kumi na tano hamna. Tarehe kumi na saba nikapiga simu kwenye shirika, nikasubiri muziki wao nusu saa, mpaka dada mmoja mwenye adabu akaniambia kwamba safari hizo nne zimeshaandikwa kwenye kadi ya shirika jingine, na haziwezi kurudi.

Nikampigia Kaka. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nimeshalitayarisha, lakini sikupata nafasi ya kulisema. Hakukana. Alisema alipofika kwenye kile kisanduku cha namba mkono wake ulijaza ile ya kwake, akaiona, akaiacha. Alisema ana mama mmoja, na chumba cha chini amekipaka rangi mara mbili. Nilitaka kumtukana nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe najua kumtaka mama mpaka ukafanya upuuzi.

Zilibaki siku mbili na safari mbili. Kuna mji mdogo, mwendo wa dakika arobaini na tano kwa ndege, ambako moja ya yale mashirika ya muungano linapeleka ndege asubuhi na kuondoka nayo saa saba mchana. Hatuna ndugu huko. Nikakata tiketi ya kwenda na kurudi Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, siku ya mwisho ya kadi, na nikakata ya pili kwa jina langu. Mama akauliza mimi nafuata nini. Nikamwambia siwaamini tena watu wa kujaza namba.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege pamoja naye. Alinifunga mkanda kama mtoto. Kabla hatujaacha ardhi vizuri kichwa chake kikainama, akalala, mdomo wazi kidogo, mpaka tulipotua. Nikafikiri ni uchovu. Nyumbani sikumbuki lini niliwahi kumkuta amelala. Saa yoyote ukiamka taa ya jikoni inawaka na yeye anafuta kitu.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukumbi mmoja, madawati ya chuma, duka la chai na mizani ya mizigo. Tulikuwa na saa nne za kusubiri ndege ile ile iturudishe. Mama alizunguka ukumbi mara sita, akasoma matangazo yote, akauliza mwenye duka bei ya kila kitu asichonunua. Nikachoka kumwangalia. Nikamwambia akae, na aliposema anakaa sasa hivi, uvumilivu wangu ukaisha. Nikamuuliza nyumbani kwetu kuna nini kinachomfukuza. Nikamwambia kama ni mimi aseme, nitahama mimi, abaki yeye na nyumba yake.

Akakaa. Akawa anazungusha pete yake.

"Unajua baba yako alifariki saa ngapi?" akaniuliza.

Nikasema alfajiri, ndivyo tulivyoambiwa.

"Hivyo ndivyo nilivyowaambia. Nilipoamka nilimgusa, alikuwa amepoa na ameshaanza kukakamaa. Mimi nimeosha maiti wangapi? Najua kupoa kule ni kwa muda gani. Alikuwa na saa nne tangu afariki, mwanangu, au tano. Wagonjwa wa watu nimekesha nao miaka thelathini na minne, pumzi ikibadilika nasikia kutoka mwisho wa wodi. Wangu nikamlalia usingizi."

Akaendelea mwenyewe, polepole, kama anayesoma. Alisema tangu siku ile hawezi kulala mahali ambapo watu wote wamelala. Kwa Dada analala, kwa sababu kuna mtoto mchanga na usiku lazima mtu awe macho. Kwa Kaka alilala vizuri wakati mjukuu wa mwisho alikuwa anaota meno. Siku hizi wote wanalala fofofo, kwa hiyo anahesabu dari mpaka siku ya kuondoka. Kwa Kitindamimba wanafunga duka usiku sana, anapata saa mbili tatu.

"Na ndegeni?" nikamuuliza.

"Ndegeni kuna mtu wa zamu. Hata mkilala wote, pale mbele yupo aliye macho."

Nilimwambia alale. Nikamwambia mimi nitakuwa macho, na sitaangalia hata simu. Alinitazama kama anayepima kama nafaa kazi. Kisha akavua viatu vyake vipya, akanyoosha miguu kwenye dawati, akaweka kichwa mapajani kwangu. Uso ulilegea mpaka nikauona ulivyokuwa alipokuwa mama wa watoto wadogo. Nikamwangalia kifua. Kilipanda, kikashuka.

Saa sita na nusu wakatangaza ndege yetu. Abiria wengine wakasimama, wakapanga mstari, mstari ukaisha. Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi. Wakataja majina yetu mara ya kwanza, wakataja mara ya pili. Hesabu nilikuwa nayo kichwani: ishirini na tisa, na ya thelathini imesimama pale nje na mlango wazi. Nikimwamsha anapata dhahabu, anapata uhuru wake, na kesho kutwa anatafuta tiketi nyingine ili apate mahali pa kulala. Nisipomwamsha, nimemfunga. Sitajifanya malaika. Kulikuwa na upande wangu uliokuwa ukitaka akose tangu siku ya jedwali, na siwezi kuapa kwamba si upande huo ulionikalisha pale.

Kijana wa shirika akaja na karatasi yake akauliza kama ni sisi wawili wanaosubiriwa. Nikamwambia kwa sauti ya chini waende. Akanionya kwamba tiketi zile hazirudishiwi fedha na ndege nyingine ni kesho. Nikamwambia najua. Akamtazama mama, akarudi kwa kunyata.

Aliamka saa tisa kasoro. Aliona ukumbi mtupu, akaiona saa ukutani, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Nilitegemea anipige. Hakunipiga, alivaa viatu vyake akavifunga kwa hasira, akaniuliza nilikuwa nani hata nimwamulie. Nikasema sikuwa na haki. Akauliza kama nilifunga macho hata kidogo. Nikasema hapana. Akauliza yeye alilalaje. Nikamwambia alikoroma kwa saa tatu na dakika kumi, na mara moja aligeuka akataka maji, akasahau.

Tulirudi kwa basi. Saa tano za barabara hakusema nami neno, ila aliponunua karanga dirishani alinipa nusu. Njiani Kaka alipiga simu. Mama akamwambia mwenyewe kwamba amekosa kwa safari moja, na ahadi ni deni. Nilisikia Kaka anavyoanza kupanga, gari la kubeba vitu, daktari wa miguu, mpangaji. Nikachukua simu mkononi mwa mama bila kuomba.

"Alisema atakaa tutakapomweka," nikamwambia Kaka. "Na mimi ni mtoto wake. Namweka kwake."

Kaka alianza kusema kwamba hilo si jambo la kuamuliwa na mtu mmoja. Nikamkumbusha kisanduku cha namba, kwamba nacho kiliamuliwa na mtu mmoja. Kisha akauliza kama anaweza kuja yeye kumwona mama, badala ya kumtumia tiketi. Nikamwambia njia anaijua.

Kesho yake, Jumapili, mama alifungua sanduku lake lote. Alitundika nguo, akafuta vumbi upande wa kitanda uliokuwa wa baba, akabadilisha shuka. Sikuingilia. Baada ya chakula cha mchana aliniita. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba, amenyooka, mikono nyuma, macho hayapo usoni kwangu ila juu kidogo ya bega langu, kama mtu anayemkabidhi zamu mwenzake wa kazi.

"Mgonjwa mmoja," alisema. "Mwanamke, miaka sabini na moja. Amekula, hana homa, miguu imepungua uvimbe. Hapati usingizi, miaka mitatu sasa. Aangaliwe pumzi. Umepokea?"

"Nimepokea," nikasema.

Akaingia, akapanda kitandani akageukia ukutani. Nikavuta kiti cha baba karibu na kitanda, nikakaa.